Njooni Wote, Wale Wawili Waacheni: Chuo Kikuu cha San Francisco, 1951

Kwetu mtu akikualika harusini, kisha akakuvuta pembeni na kukunong'oneza kwamba mdogo wako asije, ujue umepewa kazi. Mwenye shughuli hataki kusimama mlangoni amzuie kijana wa watu mbele ya wageni. Anataka wewe ndiye umwambie abaki nyumbani. Akibaki, mwenye shughuli mikono yake ni safi, na aibu umeibeba wewe kutoka kwako mpaka kwake.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha mwaliko wa namna hiyo. Waliopelekewa ni timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha San Francisco, jimbo la California, mwaka 1951. Chuo kidogo cha mapadri Wajesuiti, mechi 9, ushindi 9. Masimulizi mengi ya msimu huo huishia kwenye jibu walilotoa, yaani hapana, na msikilizaji hupiga makofi akaenda zake. Mimi naona jibu ndilo lililokuwa jepesi. Kizito ni namna swali lenyewe lilivyoundwa, na bili iliyokuja baada ya jibu.

Kikosi

Kwa asiyeujua mchezo, maneno machache tu. Kila upande una watu 11. Mpira una umbo la yai na hubebwa mkononi. Wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10; wakifaulu wanapewa mengine manne, wakishindwa wenzao wanauchukua. Ukiufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani umepata tachidauni, pointi 6. Mengine yote ni kugongana.

Chuo kilianzishwa mwaka 1855 na kilikuwa na mashabiki wake, lakini hakikuwa na mfuko wa majirani zake wakubwa, Stanford na Chuo Kikuu cha California. Mechi za nyumbani kilichezea Uwanja wa Kezar, pembeni ya bustani ya Golden Gate, uwanja wenye nafasi ya watu karibu 60,000. Ukiwaza timu ya chuo kidogo ikicheza katikati ya viti vitupu vya namna hiyo, tayari umeanza kuielewa hesabu ya mhasibu wake. Tena tangu 1946 uwanja huohuo ulikuwa na mpangaji mwingine, timu ya kulipwa ya 49ers, ambayo mwaka 1950 iliingia ligi kuu ya kulipwa, NFL. Mkazi wa mji mwenye dola zake mbili tatu za burudani alikuwa na pa kuchagua.

Kocha alikuwa Joe Kuharich, aliyechezea chuo cha Notre Dame ujanani, mtu wa nidhamu ya kijeshi. Kambi yake ya maandalizi aliipeleka Corning, mji mdogo wa mashamba ya mizeituni ndani ya bonde la Sacramento. Wanaoijua California kwa ukungu na baridi ya pwani ya San Francisco wasidanganyike: bara kule, mwisho wa kiangazi, jua linaunguza. Waliotoka kambini wakiwa bado wanasimama ndio waliokuwa timu.

Miongoni mwao alikuwa Gino Marchetti, mtoto wa wahamiaji Waitaliano, aliyepigana Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia kabla hajashika mpira wa chuo. Husimuliwa kwamba alifika kufanyiwa majaribio juu ya pikipiki, na koti la ngozi mwilini, kocha akamtazama kwa jicho la pembeni. Alikuwapo Bob St. Clair, futi 6 na inchi 9, ambaye alikuwa akila nyama mbichi na hakuona ajabu. Aliyepanga mashambulizi na kurusha mipira alikuwa Ed Brown.

Na walikuwapo wachezaji wawili weusi, hao tu katika kikosi kizima. Burl Toler alizaliwa Memphis, Tennessee. Ollie Matson alizaliwa Trinity, Texas, akakulia San Francisco. Wote wawili walipitia kwanza chuo cha miaka miwili cha jiji hilo, City College, na timu yao ya 1948 pale haikushindwa na mtu. Naomba msomaji ashike majina ya miji waliyozaliwa. Mwaliko tutakaoufikia ulitoka upande huohuo wa nchi.

Mtu wa mwisho kumtaja hakuwahi kuingia uwanjani. Pete Rozelle, kijana wa miaka 25, alikuwa afisa habari wa michezo wa chuo. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi wahariri wa magazeti, hasa wa New York, kwamba kule mwambao wa magharibi kuna chuo ambacho hawajakisikia na kuna mchezaji anayeitwa Matson.

Miezi mitatu

Msimu wenyewe nitaupitisha haraka, maana timu inayoshinda kila wiki haina hadithi ndefu. San Jose State walipigwa mara mbili, 39 kwa 2 na 42 kwa 7. Idaho walipigwa. Kwenye ratiba zilikuwamo hata timu za kambi za jeshi, wanamaji wa Camp Pendleton na chuo cha mafunzo ya jeshi la majini San Diego, jambo ambalo wasemaji wa upande wa pili watalitumia baadaye. Matson alimaliza msimu akiwa na yadi 1,566 za kukimbia na tachidauni 21, na hakuna mchezaji wa chuo nchini aliyemfikia kwa yadi hizo.

Mechi moja nitaisimamia kidogo. Oktoba timu ilisafiri mpaka New York kucheza na Fordham, chuo kingine cha Wajesuiti chenye jina kubwa zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya Rozelle, kwa kuwa waandishi aliokuwa akiwapigia simu sasa wangeona kwa macho. Matson alipokea mpira wa kuanzia, akakimbia nao uwanja karibu mzima mpaka mwisho. Baadaye akaupokea tena, akafanya vilevile. Mara mbili katika mechi moja, yadi 90 au zaidi kila mara. Matokeo yalikuwa 32 kwa 26, na ndiyo mechi pekee msimu ule iliyowatoa jasho.

Mwezi huohuo, Stillwater, Oklahoma, mchezaji mweusi wa chuo cha Drake, Johnny Bright, alivunjwa taya na mchezaji wa Oklahoma A&M aliyempiga akiwa mbali kabisa na mpira. Wapigapicha wa gazeti la Des Moines Register walinasa tukio zima picha baada ya picha, na mwaka uliofuata picha hizo zikapata tuzo ya Pulitzer. Nalitaja ili ieleweke kwamba kumpeleka Matson kusini kucheza mbele ya watazamaji weupe lilikuwa jambo la mwili wake pia, mbali na heshima yake.

Katikati ya Novemba wakaenda Stockton kucheza na College of the Pacific. Pande zote mbili zilijua kwamba atakayeshinda vizuri ndiye atakayezungumzwa mwisho wa mwaka. San Francisco walishinda 47 kwa 14. Wiki iliyofuata wakamaliza na Loyola ya Los Angeles, 20 kwa 2, ndani ya uwanja wa Rose Bowl mjini Pasadena. Hiyo 2 ya Loyola, kama ile ya San Jose State ya mechi ya kwanza, humaanisha mpinzani hakuvuka mstari hata mara moja. Ni pointi anazopata mpinzani akimkamata mchezaji wako mwenye mpira ndani ya eneo lako mwenyewe la mwisho.

Mechi 9, ushindi 9. Katika orodha ya mwisho ya timu bora za vyuo, iliyopigiwa kura na waandishi kwa shirika la habari la AP, waliwekwa nafasi ya 14.

Mlango wa kusini

Hapa ndipo kisa kinapoanza, na lazima nieleze utaratibu, kwa sababu bila huo mtu hawezi kuona mtego ulivyotegwa.

Zama hizo futiboli ya vyuo haikuwa na fainali. Msimu ukiisha, kamati za wafanyabiashara na wakubwa wa miji yenye hali ya hewa ya joto zilialika timu mbili kila moja zije kucheza kuukaribisha Mwaka Mpya. Hizo ndizo mechi za bakuli, jina lililotokana na umbo la ule uwanja wa Pasadena. Hoteli zilijaa, mji ulitangazwa, na timu zilizoalikwa ziliondoka na fedha. Nani aalikwe? Kamati ndiyo iliyojua. Hakukuwa na jedwali la pointi wala haki ya kukata rufaa. Ukishaupa ukumbi wa watu binafsi uamuzi wa nani bingwa wa kualikwa, umeupa pia haki ya kutosema sababu.

Rose Bowl yenyewe, iliyokuwa karibu na nyumbani, ilikuwa imefungwa kwa mkataba: tangu mechi ya Januari 1947 ilichukua bingwa wa ligi ya vyuo vya Pasifiki na bingwa wa ligi ya vyuo vikubwa vya kati-magharibi. San Francisco hawakuwa katika ligi yoyote. Mwaka ule nafasi ya Pasifiki ilikwenda kwa Stanford, waliokwenda kufungwa 40 kwa 7 na Illinois. Waliobaki kuwatazamia walikuwa Miami, New Orleans, Dallas, Jacksonville, El Paso. Majimbo ya Florida, Louisiana na Texas. Yote ni majimbo ambayo sheria na desturi zilitenganisha weusi na weupe shuleni, kwenye basi, hotelini na kwenye viti vya uwanja.

Katika michezo kulikuwa na kile walichokiita makubaliano ya waungwana. Waungwana, hebu fikiria. Maana yake ni kwamba timu ya kaskazini ikicheza na ya kusini, wachezaji weusi walibaki nyumbani au walikaa benchi kwa hiari ya kocha wao. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Timu ya kusini haikuhitaji kumgusa mtu. Mgeni alijisafisha mwenyewe kabla ya kupanda treni.

Mpaka 1951 makubaliano hayo yalikuwa yameanza kupasuka, lakini yalipasuka vipande vipande, mji huu leo na ule miaka kumi baadaye. Mwaka 1946 Penn State walifuta mechi yao ya Miami badala ya kuwaacha wachezaji wao weusi. Januari 1948 timu hiyohiyo ikachezeshwa Cotton Bowl, Dallas, pamoja na weusi wake wawili, Wally Triplett na Dennie Hoggard, dhidi ya SMU, chuo cha palepale Dallas. Wakatoka sare 13 kwa 13. Ila hoteli za mji hazingewapokea, kwa hiyo timu nzima ililala kwenye kambi ya jeshi la majini nje ya Dallas. Mwisho wa mwaka huohuo chuo cha Lafayette, Pennsylvania, kilikataa mwaliko wa Sun Bowl wa El Paso kwa sababu mchezaji wao mweusi hakutakiwa. Na mwaka 1950 Loyola ya Los Angeles, wale waliofungwa 20 kwa 2, walifuta mechi yao ya El Paso kwa sababu ileile.

Kwa hiyo vijana wa San Francisco hawakuwa wa kwanza kuambiwa, na hawakuwa wa kwanza kukataa. Wanaousimulia msimu huu kana kwamba ulidondoka kutoka mbinguni wanawanyima wengine haki yao.

Ujumbe uliowafikia, kama wachezaji wenyewe walivyousimulia kwa miaka mingi baadaye, ulikuwa mfupi: nafasi ipo, mkija bila Matson na Toler. Bakuli linalotajwa zaidi katika masimulizi yao ni Orange Bowl ya Miami. Kuharich aliwaeleza timu. Wakasema hapana. Si kwamba walijifungia usiku kucha wakibishana. Kwa maelezo ya waliokuwapo, hapakuwa na cha kubishania.

Kwa nini hapana ilikuwa rahisi

Nilisema jibu ndilo jepesi, na sitaki nieleweke vibaya kwamba nalidharau. Nasema tu kwamba kwa kundi hili hasa, jibu lilikuwa limeshatengenezwa kabla swali halijafika.

Walikuwa wachache. Walitoka jasho moja Corning. Wengi wao, kama Marchetti, walikuwa wametoka vitani, watu wazima waliokwisha kuona mambo ambayo mechi ya Januari haiwezi kuyafikia. Matson ndiye aliyekuwa akifunga, na Toler, kwa ushuhuda wa wenzake, alikuwa miongoni mwa walinzi bora kuliko wote waliocheza nao. Umwambie mtu kama Marchetti aende Miami avae jezi ileile huku hao wawili wamebaki San Francisco wakisikiliza redioni? Angekuona umechanganyikiwa.

Lakini tazama swali lilivyowekwa. Kamati haikusema inawakataa weusi. Ilisema inawataka Dons, ambalo ndilo jina la timu, kwa sharti dogo. Uzito wote ukahamia kwa wageni. Wakikubali, ni wao waliobagua. Wakikataa, ni wao waliokataa. Kamati inaendelea na orodha yake na hakuna gazeti litakaloandika kwamba mtu alizuiwa mlangoni. Ndiyo maana neno waungwana linanikera. Ubaguzi wa bango la Weupe Tu ni mchafu, lakini unasimama pale na uso wake. Huu wa kunong'onezwa humtafuta mtu mwema amfanyie kazi.

Na watu wema wengi waliifanya. Kwa miaka mingi makocha wa kaskazini waliwaacha vijana wao hotelini au nyumbani, wakajiambia wanawalinda, au kwamba mechi moja si kitu, au kwamba wachezaji wengine 30 hawapaswi kuadhibiwa kwa ajili ya wawili. Hoja hii ya mwisho ina sura ya haki kabisa. Hao 30 wana wazazi, wana ndoto, hawatapata nafasi nyingine. Ndiyo hoja iliyomeza wengi.

Je, ilikuwa ratiba tu?

Wapo wanaopinga, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Wanasema timu hii ilicheza na nani hasa? Timu za kambi za jeshi, San Jose State mara mbili, hakuna hata mmoja kati ya vigogo. Kamati inauza tiketi. Ingemwalikaje mtu aliyewapiga wanamaji? Nafasi ya 14 kwenye orodha ya AP inaonyesha kwamba hata waandishi hawakushawishika sana.

Ni kweli ratiba ilikuwa hafifu. Ila vigogo hawakuwa na sababu ya kucheza na chuo kidogo kinachoweza kuwafunga. Ukishinda hupati sifa, ukishindwa unachekwa. Mdogo hujengewa ratiba mbovu, halafu hulaumiwa kwa ubovu wa ratiba.

Halafu kuna Pacific. Timu iliyofungwa na San Francisco kwa tofauti ya pointi 33, nyumbani kwake, ndiyo iliyopata mwaliko wa Sun Bowl ya Januari 1952, ikaenda El Paso ikafungwa na Texas Tech 25 kwa 14. Aliyepigwa kaalikwa, aliyempiga kabaki nyumbani. Hapo hoja ya ratiba inaanza kuchechemea.

Nikiri hata hivyo kwamba mfano huu una makali pande mbili. Pacific nao walikuwa na mchezaji mweusi, Eddie Macon. Kwa hiyo haiwezekani kusema kusini yote ilikuwa ukuta mmoja mwaka ule. El Paso, iliyowakatalia Lafayette na Loyola miaka michache tu nyuma, ilikuwa imeanza kulegea. Dallas ilikwisha kulegea 1948. Miami na New Orleans zilikuwa bado. Mgeni mweusi hakujua mlango upi umefunguliwa mpaka aubishe, na kutojua huko nako kulikuwa sehemu ya adhabu.

Waliocheza Orange Bowl Januari 1952 walikuwa Georgia Tech na Baylor, 17 kwa 14. Vyuo vyote viwili vilikuwa vya weupe watupu. Georgia Tech walipokea wanafunzi wa kwanza weusi mwaka 1961. Na ni Georgia Tech haohao waliopangwa Sugar Bowl ya New Orleans, Januari 1956, dhidi ya Pittsburgh, timu iliyokuwa na mchezaji mweusi, Bobby Grier. Gavana wa Georgia, Marvin Griffin, akataka timu isiende. Wanafunzi wa Georgia Tech waliandamana usiku, wakachoma sanamu ya gavana wao, na mechi ikachezwa na Grier akiwamo. Mtu akitaka kuniambia kwamba miaka minne kabla ya hapo rangi haikuwa sababu huko kusini, anieleze gavana alikuwa anapigania nini.

Kwa hiyo mimi sichagui kati ya ratiba na rangi. Ratiba hafifu iliwapa kamati kisingizio cha kutowaalika bila masharti. Rangi ndiyo iliyokuwa sharti. Timu yenye jina kubwa pengine ingebembelezwa, ingepewa kambi ya jeshi ya kulala kama Penn State. Chuo kidogo kilipewa sentensi moja.

Bili

Sasa mhasibu. Mpango wa futiboli wa chuo ulipata hasara msimu ule, na kiasi kinachotajwa ni karibu dola 70,000, fedha nzito kwa chuo cha ukubwa ule mwaka 1951. Kezar haikujaa. Kusafiri mpaka New York si bure. Fedha za bakuli ndizo zilizotazamiwa kuziba pengo.

Hazikuja, na muda mfupi baada ya msimu chuo kikatangaza kufuta timu. Timu iliyoshinda mechi zote ikavunjwa ikiwa haijafungwa. Kiwango kile haikurudi tena.

Hapa nawaonya wasimulizi wenzangu. Ni rahisi kusema waliuawa na hapana yao. Lakini tazama walivyoanguka wengine wa aina yao. Saint Mary's, jirani yao ng'ambo ya ghuba, walifuta timu baada ya msimu wa 1950. Georgetown vilevile. Loyola walifuta baada ya msimu huohuo wa 1951, maana yake ile mechi ya 20 kwa 2 pale Pasadena ilikuwa ya mwisho kwa pande zote mbili. Santa Clara wakafuata baada ya 1952, Fordham baada ya 1954. Vyuo vya Kikatoliki vya mijini vilikuwa vinabanwa na timu za kulipwa, televisheni, na gharama ya vikosi viwili, kimoja cha kushambulia na kingine cha kuzuia, ambavyo sheria mpya za kubadilisha wachezaji zilivifanya kuwa lazima. Hundi ya Miami ingewanunulia mwaka mmoja, labda miwili.

Kujua hivyo kunaifanya hapana yao kuwa ghali zaidi kwangu, kwa kuwa huo mwaka mmoja ndio St. Clair na wenzake wa madarasa ya chini waliokuwa wanauhitaji. St. Clair alilazimika kuhamia Tulsa kumaliza. Wale 30 wa hoja ya haki walilipa kweli, na walilipa wakijua wanalipia nini.

Walikokwenda

Kuharich akachukuliwa na Chicago Cardinals, timu ya NFL, mwaka 1952. Timu za NFL huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu kila mwaka, na Cardinals wakamchukua Matson akiwa wa 3 kuchaguliwa nchi nzima. Kabla hajaanza kazi, Matson alipitia Helsinki kwenye Olimpiki, akarudi na shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti. Marchetti akawa nguzo ya Baltimore Colts. St. Clair alirudi palepale Kezar kama mchezaji wa 49ers, baadaye akawa meya wa Daly City, na mwaka 2001 nyasi za Kezar zikapewa jina lake. Watatu hao, Matson, Marchetti na St. Clair, wote wamo katika Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya kulipwa, Canton, Ohio. Kikosi kimoja cha chuo kutoa watatu ni jambo ambalo vyuo vyenye viwanja vya watu 100,000 havijazoea. Rozelle naye yumo: mwaka 1960, akiwa na miaka 33, alichaguliwa kuwa kamishna wa NFL, akaiendesha ligi hiyo mpaka 1989. Kabla ya hapo, akiwa meneja wa Los Angeles Rams, ndiye aliyemnunua Matson kutoka Cardinals mwaka 1959, Rams wakitoa tisa ili wampate yeye mmoja.

Na chuo kisicho na futiboli? Kilihamia mpira wa kikapu. Mwaka 1955 na 1956 kilitwaa ubingwa wa taifa mfululizo, kikiongozwa na Bill Russell na K.C. Jones, wote weusi. Desemba 1954, timu hiyo ilipokwenda mashindano Oklahoma City, hoteli zilikataa kuwapokea weusi. Wachezaji wote, weupe kwa weusi, wakaenda kulala pamoja kwenye bweni la chuo lililokuwa tupu kwa likizo. Swali lilikuwa lilelile, na pale San Francisco jibu lake lilikwisha kujulikana.

Chuo kiliwaita wazee hao wa 1951 waliokuwa bado hai mwaka 2006, kikawavika digrii za heshima.

Toler nimemwacha mwisho kwa makusudi. Cleveland, timu ya NFL, walimchagua, lakini Agosti 1952, katika mechi ya nyota wa vyuo dhidi ya Los Angeles Rams mjini Chicago, goti lake liliharibika. Hakucheza mechi hata moja ya ligi. Wenzake walipokuwa wakijaza magazeti, yeye alifundisha, akapanda mpaka ukuu wa shule San Francisco. Mwaka 1965 NFL, chini ya kamishna Rozelle, ilimwajiri kuwa mwamuzi, mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo katika ligi, na aliifanya kwa misimu 25.

Tarehe 20 Januari 1980 aliteuliwa kuchezesha Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, Pittsburgh Steelers dhidi ya Los Angeles Rams. Hakuna mwamuzi mweusi aliyewahi kupewa mechi hiyo kabla yake. Ilichezwa Pasadena, ndani ya Rose Bowl, kwenye nyasi zilezile ambazo alikuwa amezikanyaga mara ya mwisho akiwa na jezi ya chuo, siku ile ya 20 kwa 2.